Mvua ya Kwenye Simu

Simu yangu ilikuwa dukani ikichajiwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninalolishika kila ninapotaka kujitetea, na kila nikilishika linanigeuka. Kutoka nyumba za walimu mpaka lile duka lenye sola hazifiki hata dakika tano, na hapo ukitembea kwa kuringa. Ningekwenda na kurudi kabla sufuria ya chai haijachemka. Sikwenda. Nilikuwa nimechoka, kulikuwa na baridi, na zaidi ya yote nilikuwa na uhakika.

Mimi ni mtu wa Kansay, mtoto wa wakulima wa mahindi, maharage na mbaazi. Nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi huko juu Nainokanoka, ndani ya hifadhi, baba yangu alicheka mpaka akakohoa. Alisema babu zake walilala na mikuki kwa kuwaogopa Wamaasai, na leo serikali inampeleka binti yake akawafundishe kusoma. Mama hakucheka. Alinifungashia debe la maharage na sweta mbili, akaniambia nisiende kujifanya mjuaji kwa watu. Mama alikuwa ananijua.

Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyeulizwa. Barua ya ushirika ikija nisome mimi, dawa ya mifugo nieleze mimi, simu ya shangazi ikigoma nihangaike nayo mimi. Basi nikazoea. Ukinikuta sijui jambo, nitakuomba nusu dakika nilitafute kwenye mtandao, kisha nitakujibu kwa sauti ileile ninayofundishia jedwali la kuzidisha. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sauti ile ilikuwa inamkera. Labda ilikuwa inawatuliza, na hilo ndilo baya zaidi.

Nyuma ya uzio wa shule kulikuwa na boma la mfugaji mmoja, mtu wa umri wangu au amenizidi kidogo, mrefu, mbishi, mwenye utani mkavu. Binti yake alikuwa darasani kwangu, darasa la sita. Mkewe ndiye aliyeanza ujirani. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nahangaika na moto wa kuni mbichi, akanicheka waziwazi, akauwasha yeye. Kesho yake asubuhi akaja na maziwa kwenye kibuyu kidogo, yana harufu ya moshi wa kile kijinga cha moto wanachosafishia kibuyu ndani. Nikampa maharage ya mama. Tangu siku hiyo maziwa yalikuja kila asubuhi, na mimi kila nikitoka Kansay nilipanda gari na maharage au unga.

Maziwa yangu yalitoka kwa ng'ombe mmoja wa kijivu mwenye tumbo jeupe. Jirani yangu alinionyesha mwenyewe, akaniambia huyu asubuhi ni wa Mwalimu, jioni ni wetu. Kisha akanitania kwamba sisi watu wa jembe tukipewa ng'ombe tunamfunga kwenye mti kama mbuzi wa mahari na kumletea majani mpaka anasahau kutembea. Nilimjibu kwamba wao wakipewa jembe wanalitazama mpaka linaota kutu. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na nilikuwa na furaha kule juu kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Kitu kilichonichukua muda kukizoea ni habari zao. Ukikutana na mtu, hata kama mliachana juzi, salamu peke yake haitoshi. Kwanza salamu: jirani yangu ananiambia "Takwenya," mimi naitikia "Iko." Halafu mmoja anaanza kusimulia tangu pale mlipoachana, na mwingine kazi yake ni kuitikia "ee" mpaka habari iishe. Nani anaumwa, ng'ombe yupi amezaa, nani amepita njiani na alikuwa anatoka wapi. Ikiisha, zamu inageuka, na aliyekuwa anasikiliza anaulizwa za kwake. Na ndani ya habari hizo kulikuwa na utaratibu ambao mwanzoni niliuona ni kupoteza muda: alichokiona alisema amekiona, alichoambiwa alisema ameambiwa, na aliyemwambia alimtaja, na kama huyo naye aliambiwa, akamtaja na wa nyuma yake. Mimi nimesimama pale kwenye ukungu na madaftari arobaini kifuani, nasubiri mnyororo ufike mwisho.

Baadaye nikaupenda. Nikajikuta nakusanya habari za kumpa: mkaguzi amekuja, chaki zimeisha, Karatu wameweka taa barabarani, mjomba amevunjika mguu. Aliniitikia "ee" kwa kila moja. Sikumbuki mtu mwingine aliyewahi kunisikiliza hivyo, hata walionisomesha.

Muhula ule tulifika kwenye mada ya habari za mtandaoni. Nilitengeneza karatasi ya manila, nikaibandika ukutani, nimeandika kwa kalamu nyekundu na ya bluu: chanzo, tarehe, lengo. Nani ameandika, ameandika lini, anataka nini kwako. Niliwaambia watoto wasiamini kila kinachong'aa kwenye kioo. Nilifundisha vizuri, nakiri. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kwenye jaribio nikauliza swali: taja mambo matatu ya kuzingatia kabla ya kuamini habari. Yule binti wa jirani aliandika hivi, kwa mwandiko wake mkubwa uliolala upande. Kwanza namuuliza aliyeileta amelala wapi. Pili namuuliza ameona au ameambiwa. Tatu namuuliza ng'ombe wake mwenyewe wako wapi. Nilicheka peke yangu pale mezani, nikamsomea na mwalimu mwenzangu naye akacheka. Kisha nikaweka kosa, kosa, kosa, kwa sababu haikuwa kama nilivyoandika ubaoni. Sifuri kati ya tatu.

Mwaka ule vuli ilichelewa. Mwezi wa kumi ukapita, wa kumi na moja ukafika katikati, na juu kwetu hakukuwa na kitu zaidi ya ukungu ambao unalowesha kope tu, majani hauyafikii. Ng'ombe walikuwa wamekula mpaka kwenye mizizi. Waliokuwa na nguvu waligombania vichaka, wasio na nguvu walisimama tu. Yule wa kijivu alianza kutoa maziwa ya kujaza nusu kibuyu, halafu robo, na mke wa jirani akawa anayaleta hivyo hivyo bila kuyasemea. Kila mtu alikuwa anangoja kusikia kwamba kule chini kwenye nyanda, upande wa Ndutu, mvua imegusa ardhi. Ikigusa, majani yanaota haraka, na mwenye ng'ombe anashuka. Lakini kushuka na ng'ombe waliokonda ni kitu cha mara moja. Ukikuta hakuna, kurudi juu hawana miguu ya kurudia.

Kwa hiyo hawashuki kwa kusikia. Wanamtuma mtu akaone. Anakwenda kwa miguu, anayashika majani kwa mkono, anatazama maji, analala hukohuko, anarudi na kusema. Jirani yangu alikuwa ameshamwandaa mdogo wake. Nilimwona jioni moja anakaza kamba za kandambili zake za matairi, kesho aondoke. Siku mbili za kwenda, mbili za kurudi.

Jioni hiyohiyo, kabla sijashuka kijijini, nilikuwa nimepanda kile kilima cha nyuma ya shule tunakopata mtandao. Kwenye kundi la ndugu zetu mdogo wangu wa kiume alikuwa ametuma video. Yeye ni dereva wa watalii, anaishi Karatu, na jirani yangu alimfahamu, kwa sababu mwaka uliopita aliwahi kumpa lifti mpaka getini na wakapatana kwa utani. Video ilikuwa ya Ndutu. Majani ya kijani mpaka macho yanauma, wingu jeusi kwa mbali, nyumbu wamejaa wanarukaruka na watoto wao wa rangi ya maziwa na chai, na sauti ya mwanamume anasema kwa Kiingereza cha kitalii kwamba mambo ni mazuri sasa, karibuni. Chini mdogo wangu aliweka neno moja tu: "Ndutu."

Niliitazama mara mbili, chaji ikawa inaelekea kuisha, nikapitia dukani nikaiacha simu, nikaenda moja kwa moja bomani. Sikuwa nimepita hata nyumbani kuvua nguo za shule. Nilitaka niwe mimi. Hilo nalisema wazi kwa sababu wengine wamenitetea kwamba nilikuwa na huruma tu. Huruma ilikuwepo. Lakini nilitaka pia niwe mimi niliyeleta mvua.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Tulisalimiana, akanipa zake, zikaisha, akaniuliza zangu. Nikamwambia mvua imenyesha Ndutu.

Hakuruka. Aliuliza nani ameona.

Hapo ndipo. Nikirudi nyuma na kutafuta mahali nilipoweza kusimama, ni hapo. Ningesema ukweli ulivyokuwa: kuna video, mdogo wangu ameituma, sijui nani aliipiga. Sentensi moja fupi. Lakini nilimwona anaingia kwenye maswali yake, ule mnyororo, na mkononi nina jambo zuri ambalo nilitaka lipokelewe leo. Aliyetuma na aliyeona kichwani kwangu wakawa mtu mmoja.

"Mdogo wangu ameona," nikasema.

"Lini?"

"Jana."

Aliuliza ng'ombe wa nani wameshashuka. Nikamwambia ng'ombe sijui, ila nyumbu wamejaa. Nilimwona analifikiria hilo, kwa sababu nyumbu wanafuata mvua na hawana sababu ya kumdanganya mtu. Akauliza kama hiyo picha anaweza kuiona. Nikamwambia simu iko dukani, haina chaji, lakini niliyoyasema ndiyo yaliyomo. Nilisema kwa ile sauti yangu ya jedwali la kuzidisha. Na yeye, ambaye kwa habari ya mgeni asingesogeza hata ndama, alinitazama kidogo, akageuka, akamwambia mdogo wake kitu kwa Kimaasai. Yule kijana akalegeza kamba za kandambili.

Nilirudi nyumbani nikiimba.

Walishuka keshokutwa yake asubuhi. Niliwaona kupitia dirisha la darasa, wanapita kwenye ukungu mmoja mmoja, kengele zinagonga polepole, jirani yangu mbele na yule mdogo wake nyuma. Wa kijivu alikuwa katikati. Mke na watoto walibaki na mbuzi na ndama. Nilijisikia fahari ambayo leo nikiikumbuka naona aibu. Maziwa yakakatika, nikanywa chai ya rangi, nikaiona tamu.

Siku ya tatu nilipanda kilimani na simu yenye chaji ya kutosha. Nikaandika kwenye kundi kumshukuru mdogo wangu, nikamwambia jirani yetu ameshashuka Ndutu na ng'ombe wote. Haikupita muda akanipigia.

"Dada, ameshuka kufanya nini?"

Nikamwambia kuhusu video. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba yeye hajafika Ndutu tangu mwezi wa sita. Gari lake lilikuwa gereji wiki ya pili, yuko Karatu anapiga stori na mafundi. Ile video aliitoa kwenye kundi la madereva. Aliyeitupia kule aliitoa kwenye ukurasa wa kampuni fulani inayotafuta wageni. Ilipigwa lini, hakuna aliyeuliza, maana wao madereva wanajua kampuni zinaweka picha za msimu mzuri mwaka mzima. Alituma nyumbani kwa sababu ni nzuri, mama apate kuona watoto wa nyumbu.

"Mimi nilifowadi tu, dada," akasema. Hakuwa na kosa, na nilitamani awe nalo.

Nilishuka kile kilima mbio. Jirani yangu alikuwa na simu ndogo ya tochi, nilipiga, haipatikani, na huko alikokuwa haingepatikana. Nikaenda bomani. Mkewe alikuwa anakamua mbuzi. Nikamwambia yote, Kiswahili kikanikwama nikarudia mara mbili, kwamba mvua haipo, kwamba mdogo wangu hakuona, kwamba mimi ndiye niliyesema ameona. Aliendelea kukamua mpaka chuchu ikakauka. Kisha akasimama, akaenda boma la pili kumtafuta mtu wa kuwafuata. Yule aliyewafuata aliwakuta njiani wanarudi.

Walikaa siku kumi kwenda na kurudi. Niliwasikia kabla sijawaona, na nilijua kwa kengele. Zilikuwa chache.

Wao hawahesabu ng'ombe kwa namba mbele ya mtu, na mimi sikuthubutu kuhesabu. Mpaka leo sijui ni wangapi. Nilikwenda jioni, nikasimama palepale kwenye mlango wa zizi, na jirani yangu, midomo imepasuka kwa vumbi, akanisalimu kama kawaida na kunipa habari yake kama kawaida. Alianza tangu tulipoachana. Walilala wapi usiku wa kwanza, wapi wa pili. Walivyofika ukingoni na kutazama chini wakaona nyanda nyeupe, akadhani ni mwanga tu, wakateremka. Vumbi mpaka magotini. Maji yaliyokuwepo yalikuwa ya chumvi. Alitafuta siku moja nzima upande huu na upande ule, kwa sababu aliambiwa na mtu aliyeona. Halafu akageuza ng'ombe. Akaanza kuniambia waliobaki njiani, kila mmoja kwa rangi yake na mahali pake. Mwekundu mwenye pembe moja, pale chini. Mweusi na mdogo wake, kwenye kupandisha. Yule wa kijivu alipanda mlima wote, akaanguka karibu na nyumbani, mahali ambapo moshi wa boma unaonekana.

Mimi niliitikia "ee." Ndiyo kazi ya anayesikiliza. Niliitikia kila rangi.

Kilichoniuma zaidi hata sikukitegemea. Katikati ya habari alisema, bila hasira, kama anavyotaja jiwe la njiani: Mwalimu aliniambia mdogo wake ameona. Ndivyo utaratibu ulivyo, aliyekwambia unamtaja. Na kwa kuwa habari ile ilikuwa kubwa, aliitoa kwa kila aliyekutana naye, na kila aliyeipokea aliipeleka mbele hivyohivyo, na mimi ndani yake. Nilikuja kuikuta kwa mama mmoja muuza ugoro ambaye sikumfahamu. Alinisikia nazungumza, akanitazama, akauliza kama mimi ndiye yule mwalimu.

Siku chache baadaye nilifanya jambo la kijinga. Nilishindwa kulala na wazo kwamba labda anadhani niliitunga. Nikachukua simu, safari hii imejaa chaji, nikaenda bomani mchana wa Jumamosi nikamwambia aone mwenyewe. Nilitaka ajue kwamba video ilikuwepo, kwamba hata yeye angedanganyika. Nilikwenda kujitetea, basi.

Aliishika simu kwa mikono miwili, mbali kidogo na uso. Video ikaanza. Sidhani kama sekunde tano zilipita.

"Hawa watoto wa nyumbu," akasema. "Mwalimu, hii ni ya mwezi wa pili."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto wa mgeni. Nyumbu wanazaa wote kwa pamoja, wakati mmoja, na kila mfugaji anaujua wakati huo, kwa sababu ng'ombe akila mahali nyumbu walipozalia anaugua na kufa. Mwezi huo wao wanakuwa huku juu na ng'ombe wao, wanaukimbia ugonjwa huo. Hakuna nyumbu mwenye mtoto mdogo hivyo mwezi wa kumi na moja. Binti yake, aliyekuwa anapita na ndoo, alisimama, akachungulia kioo, na hata yeye akasema, "Hao wamezaliwa juzi." Akaenda zake na ndoo yake.

Nilikuwa nimewaona wale watoto mara mbili kilimani. Niliwaona wazuri. Nilipompa habari sikuwataja, kwa sababu kwangu hawakuwa habari.

Alinirudishia simu. Aliuliza swali moja tu, wala si kwa ukali.

"Siku ile simu ilikuwa wapi?"

"Dukani. Ilikuwa inachajiwa."

"Duka lile?"

Akalitazama. Kutoka pale mlango wa zizi linaonekana vizuri, bati lake na ile sola juu. Nami nikalitazama. Akaingia ndani kwa ndama.

Jumatatu nilibandua ile karatasi ya manila. Nilitafuta pia makaratasi ya lile jaribio nikitaka kumrudishia yule binti alama zake, lakini yalikuwa yameshawashiwa moto jikoni kwa mpishi wa uji. Nikamwita nikamwambia kwamba majibu yake yote matatu yalikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekosea. Alisema asante, mwalimu. Nilimsubiri aseme neno la ziada, akaniuliza kama anaweza kwenda, wenzake wanacheza.

Mvua ilikuja mwishowe, kabla ya Krismasi, mvua ya kweli ya kuangusha matope. Nikatoka nje bila mwavuli, nikalia kwa hasira, kwa sababu ilikuwa imechelewa kwa wiki tatu tu. Ng'ombe waliosalia walinona. Baada ya miezi mkewe akaanza tena kuleta maziwa, si kila siku, ya ng'ombe mwingine. Niliyapokea. Nilimwambia asijisumbue, akaniuliza nitakula nini bila maziwa, jembe? Nikacheka, na wote wawili tukashangaa kidogo kwamba nimecheka.

Kwa hiyo hawakunitupa. Wala jirani yangu hakunigombeza. Ningependa angenigombeza, nimjibu, tumalizane. Yeye alinisalimu kila tulipokutana, akasimama na fimbo yake, akanipa habari zote tangu tulipoachana, na mimi nikaitikia. Ilinichukua muda kugundua kilichobadilika. Mwanzoni nilidhani ana haraka.

Mwaka uliofuata nilipata uhamisho kurudi Karatu. Barua ilifika siku ya Alhamisi, na siku hiyohiyo tulikutana kwenye njia ya shule. Nilikuwa nayo mkononi. Akaniambia "Takwenya," nikaitikia "Iko." Akaanza: mtoto wa kaka yake alikuwa na homa, sasa hajambo. Mwekundu mdogo amezaa, jike. Jana kapita mtu anatoka Baray, ameambiwa huko na shemeji yake kwamba vitunguu vimeoza shambani, yeye mwenyewe hakuviona. Niliitikia "ee," na "ee," mpaka habari ikafika mwisho.

Kisha kukawa na kile kimya kifupi ambacho zamani zamu yangu ilikuwa inaanzia. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nilikuwa na habari moja, yangu mwenyewe, ya kweli, ina tarehe na mhuri.

Aliniaga vizuri, akaweka fimbo begani, akaondoka.